Mgao

Walimruhusu Jumatano, saa kumi alasiri,
zamu zikibadilishana, wadi namba saba ikinuka jiki na ugali.
Nesi Chelagat alinipa karatasi iliyokunjwa mara tatu
na mfuko wa khaki wenye vidonge vya aina mbili.
"Hiki asubuhi, hiki jioni. Chumvi apunguze.
Arudi kliniki baada ya mwezi."
Mgonjwa mwingine akaita, naye akaenda,
na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yetu.

Mpaka hapo Baba alikuwa na watu sita wa kumwangalia.
Kuanzia hapo alikuwa na mimi.

Lugalia, msoma mita wa baraza la jiji,
miaka thelathini na mmoja akipiga magoti malangoni mwa watu,
akifunua kifuniko, akifuta matope kwa kidole gumba,
akiandika namba bila kuhongwa.
Mbwa wa Kileleshwa walimjua kwa harufu ya buti.

Sasa namba ni zake.
Mkanda unambana mkono, unavimba, unashusha pumzi:
mia na sabini na nane juu ya mia na nne.
"Mita hiyo ni mbovu," anasema.
"Nimeziona. Hukimbia hata bomba likiwa kavu."
"Kichwa kinauma?"
"Hakiumi."
"Kifua?"
"Vugutsa, siumwi na kitu ila maswali yako."

Presha haipigi hodi.
Huvuja ndani ya ukuta, kimya kimya,
hadi siku ukuta unapolala chini.
Ndivyo ilivyomwangusha mwezi wa Machi
akiwa na kikombe mkononi;
chai ilifika sakafuni kabla yake.

Nikaficha chumvi. Akaipata.
Nikaipeleka kwa Mama Zawena, mlango wa pili;
akaenda kuazima, "kidogo tu, ya mgeni."
Nikampikia tsisaga kwa ndimu na kitunguu saumu.
Akaitazama sahani kama bili yenye makosa.

Siku ya kumi nikahesabu vidonge vya asubuhi.
Vilitoka hospitali thelathini.
Vilipaswa kubaki ishirini.
Vilikuwa ishirini na saba.

Sikufoka. Niliketi kando yake nikangoja
kama watu wangojavyo bomba.
Mwishowe akasema, bila kunitazama:
"Jumanne na Ijumaa."

Siku za maji.
Siku bomba la Maringo linapokohoa, linatema kutu,
halafu linajaza mitungi hadi saa sita.
Mzee amejiwekea mgao.

"Vikiisha mtanunua kwa nini? Karo ya mwanao haijalipwa.
Kitu kisichotosha hugawanywa.
Ndiyo kazi niliyoifanya."

Nilitoka nje nikaanua nguo.
Zilikuwa bado mbichi.

Jioni nilimwendea Roba wa duka la dawa.
Akanichorea kwenye bahasha: dozi hii haiishi kama ya malaria.
Akanitajia na kliniki yenye vidonge vya bei nafuu,
Alhamisi, uwahi foleni.
Nikarudi nikamwambia Baba kwa lugha aijuayo:
"Hili si tangi, ni bomba.
Ukifunga dawa Jumatano, presha haingoji Ijumaa. Inapasua."

Hakujibu.
Akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda
daftari lake la mwisho la baraza,
kurasa arubaini bado tupu,
safu zake vilevile: nyumba, tarehe, usomaji.
Kwenye safu ya nyumba akaandika: *Lugalia*.
Akanyoosha mkono.

Leo asubuhi ni mia na hamsini na sita juu ya tisini na tano.
Ameandika mwenyewe, kwa penseli, tarakimu zimesimama wima.
Kidonge amekimeza mbele yangu, akafungua kinywa
nikague, kama kifuniko cha mita.

Chumvi bado ipo mahali. Najua.
Kile kiberiti cha dirishani, ukikitikisa,
hakilii kama njiti.