Theluji ya Manjano

Ngozi ya kondoo, imewambwa kama ya ngoma.
Brashi ni unyoya wa kuku na mate kidogo.
Mama Baltazara huanza na Cotopaxi:
huupa macho kwanza, usije ukajikwaa,
kisha poncho nyekundu hadi magotini,
maana mlima nao husikia baridi.

Mnunuzi kutoka Quito akauliza
mbona theluji ni ya manjano.
Akajijibu mwenyewe: dhahabu ya wafalme wa kale,
jua lililozikwa, sijui machozi ya mahindi.
Mama akaitikia kwa kichwa, akapokea noti.

Mimi nilikuwepo mwaka ule.
Nyeupe iliishia kwenye jeneza la Segundo,
dogo, la kubebwa kwapani.
Kopo lilikwanguliwa mpaka likalia.
Rafuni ikabaki manjano.

Siku hizi nyeupe tunayo, makopo matatu,
hayajafunguliwa.
Na kila mwaka manjano inaanzia juu zaidi kidogo,
kama theluji yenyewe inavyopanda, ikitukimbia.

Kileleni huacha doa la ngozi tupu,
upana wa kidole gumba.

Hapo hajauliza mtu.