Kutu ya Zizini

Mpunguzi mvua ni mgeni wa miezi michache,
akija hapigi hodi, akiondoka haagi.
Ndiyo maana niliuliza: kutu yote hii imetoka wapi?
Mama Mbeleje akacheka, akanionesha mbuzi.

Miaka thelathini na miwili wamekojoa humu,
beberu juu ya boneti, majike chini ya chesesi,
watoto wakizaliwa kwenye kiti cha dereva.
Kutu ya mvua huanza nje, kama upele.
Kutu ya mkojo haina haraka, hula kwa ndani,
inakuachia rangi, inakuachia umbo,
ukigusa kwa kidole
kidole kinaingia.

Datsun ya milango miwili, pua ndefu,
zamani ya kijani. Marehemu Chilewa aliileta kutoka Arusha
mwaka wa foleni za sukari,
akaiendesha Jumamosi nne,
watu wakaacha majembe kuja barabarani kuiona.
Jumamosi ya tano petroli hakuna.
Akaiegesha zizini, “kwa wiki moja tu.”

Mjane hataki gari. Ana ekari moja na nusu ya zabibu,
kisima kirefu, na pampu isiyo na wa kuizungusha.
“Nitolee injini, Sechelela. Hicho kingine kibaki kilipo.”
Sikumwahidi kitu. Pistoni mbili zimeganda,
na nne zilizobaki sizisemei.

Tulisimika magogo matatu ya mgunga,
tukaning'iniza chenbloki ya kuazima Bihawana.
Tangu Jumanne nilichanganya dizeli na oili ya breki,
kila boliti nikainywesha asubuhi na jioni
kama mgonjwa anayekataa uji.
Ijumaa nikashika spana kumi na saba.
Ya kwanza ikakatika shingo.
Ya pili ikakatika.
Ya tatu ikazunguka, nikapiga kigelegele,
kumbe ni chesesi iliyozunguka pamoja nayo,
kipande kizima, laini kama mkate wa juzi.
Yoeli akasema, “Dada, tulete moto.”
Moto gani, na samadi kavu imetufika magotini?
Tukarudi kwa tindo na nyundo,
jua likitupiga mgongoni, sisi tukipiga chuma.

Mafundi wenzangu hupenda kusema injini ni moyo wa gari.
Sijawahi kuona moyo uliogongwa namba ubavuni,
wala moyo unaopimwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.
Ila kwenye mdomo wa kabureta
panya alikuwa amesuka kiota kwa sponji ya kiti,
na katikati ya kiota, karatasi:
risiti ya petroli, lita ishiri
na hapo panya alikuwa ameng'ata.
Nikampa mjane. Hakuisoma.
Aliifunga kwenye pindo la kanga
pale zinapokaa pesa.

Saa tisa ikaanza kupanda.
Mnyororo ukahesabu jino kwa jino,
Yoeli akishikilia giaboksi isibembee,
mimi nikinong'ona “pole, pole” bila kujua namwambia nani.
Tone moja la oili likadondoka, zito, jeusi,
oili, baada ya miaka yote hiyo!
Mbuzi wakasimama nje ya boma
wakitazama nyumba yao inavunjwa.

Na uzito ulipoachia,
pua ya gari ikainuka yenyewe.
Vidole vitatu. Vinne.
Springi zikalia kidogo, zikanyamaza,
likabaki vile, limeinua uso
kuelekea njia ya Dodoma mjini,
matundu ya taa yamejaa mchana.

Mama Mbeleje alisogea,
akaweka kiganja pale taa ilipokuwa,
akakiacha muda mrefu kuliko unavyohitajika kupima joto.
Halafu akajifuta kutu kwenye gauni,
akaniuliza pampu itataka mkanda wa inchi ngapi.