Hodi Jikoni Kwangu

Meza ni ileile ya kula.
Upande huu karatasi za msajili, upande ule sinia la karanga
nilizokaanga jana, na kila nikifungua dirisha
maganda yanaruka, yanatua juu ya neno dhima.
Nayapuliza. Yanarudi.

Mwaka wa pili huu nasaga karanga na ufuta hapa Soroti,
natia makoponi, nauzia walimu na manesi,
na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni nani kisheria.
Sasa duka kubwa la Mbale linataka makopo mia mbili kwa wiki.
Linauliza.

Nikiandika jina langu tu, Apolot Kevina, mfanyabiashara,
basi mimi na kopo ni kitu kimoja.
Mtoto wa watu akiumwa tumbo,
mdai hatasimama mlangoni mwa jiko.
Atapita hadi ndani, ahesabu kitanda, cherehani,
na yule mbuzi ambaye ni ada ya Emuria ya muhula ujao.

Namkumbuka baba, askari mstaafu, Kiswahili cha kambini,
aliyeshikana mkono na Okwii wakafungua ghala la mtama.
Mkono tu, bila wino.
Okwii aliondoka usiku na magunia arobaini,
na deni, kwa kuwa halikujua kukimbia, likabaki na baba.
Walikuja mchana kweupe. Walichukua baiskeli.
Walipopanda juu kung'oa mabati
mama alikuwa ndani anasonga atap,
jua likamwingilia sufuriani.
Hakuacha kusonga.

Ndiyo maana Asekenye, dada yangu,
aliyetoa nusu ya bei ya mashine,
niliposema tuwe wabia aliweka kikombe chini.
"Siogopi benki. Naogopa siku nitakayokuchukia
kwa kosa ulilolifanya mimi nikiwa nimelala."

Umeme ulikuwa umekatika. Tulisikilizana tukipumua.

Wanasema kampuni ni mtu.
Mtu gani huyu, hana mama, haugui malaria,
anashtaki, anashtakiwa,
nikifa mimi yeye anaendelea
wala hatafika matangani?
Lakini deni lake ni lake.
Nikiweka milioni mbili, nitapoteza milioni mbili.
Mabati yatabaki juu.

"Benki itataka sahihi yako wewe binafsi, hata hivyo,"
akasema Asekenye, aliyefagia benki miaka sita
na masikio yake hayakuwa na ufagio.
"Huo ni ukuta wa karatasi."
Kisha, baada ya muda:
"Ila hata karatasi huzuia vumbi."

Kuna ritani za kila mwaka. Kuna daftari la hesabu.
Na kuna hili, lililonichoma kuliko ada zote:
kuacha kuchota hela ya sabuni kwenye mkebe wa mauzo.

Hisa sitini zangu, arobaini zake.
Alinuna kidogo. Akachota ufuta, akatafuna, ikaisha.

Jina la kwanza tulilolitaka, lina mwenyewe.
La pili pia. Watu wa nchi hii wamemaliza utamu wote.
Tukampa la bibi: Jiwe la Amuge,
jiwe aliloliinamia mpaka mgongo wake ukashika umbo lake.
Kwetu mtoto huitwa jina akionjeshwa pombe kidoleni;
huyu hana mdomo,
basi nikachovya kidole kwenye siagi ya ufuta
nikakigusisha kwenye fomu.

"Hili doa la nini?" akauliza karani.
"Sahihi ya bibi."
"Na ofisi ya kampuni iko wapi?"
"Jikoni."
Hakucheka. Aliandika.

Leo alfajiri nimefika mlangoni mwa jiko,
mkono kwenye komeo, nikasita.
"Hodi," nikasema, kwa sauti ndogo, watoto wasinisikie.
Nilitaka chumvi ya uji tu.
Nikachota, nikafungua daftari, nikaandika:
chumvi, kijiko kimoja. Apolot anadaiwa.