Kauli ya Kutendwa

Kijitabu kimefika mezani kwangu kinanuka dagaa.
Kilipatikana Kirumba, pale Mwaloni, chini ya gunia la tatu,
kurasa arobaini na moja, fotokopi ya fotokopi,
na alama ya kidole chenye mafuta
kando ya jina la Mungu.

Kazi yangu ni kusoma.
Watu hudhani nasoma vitisho. Vitisho ni vichache,
ukurasa mmoja mwishoni, kama kachumbari.
Kilichobaki ni mipango: subira, awamu ya kwanza, awamu ya pili,
adui wa karibu, adui wa mbali,
lugha ya mtu anayejenga ghorofa
na hajawataja hata mara moja watakaolala ndani.

Nina kalamu nyekundu tangu enzi za ualimu.
Nimehesabu vitenzi.
Damu itamwagwa. Ardhi itasafishwa.
Wanafiki watatengwa. Njia itafunguliwa.
Sitini na vinne vimeishia na -wa,
na chenye "nita" mwanzoni, hata kimoja.
Nani atamwaga? Kimya.
Nani atadeki asubuhi yake? Kimya.
Neno "mama" limo mara moja:
*usimuage.*

Ukurasa wa kumi na tisa anaingia ziwani.
Dola ni sangara, anasema, sisi ni furu;
sangara aliletwa kwa ndoo akawamaliza wenyeji,
basi tuwe wembamba, tukae nyufa za mawe asikofika.
Hapo nilisimama.
Huyu hakunakili. Huyu amekula mapanki,
amesimama nje ya kiwanda akinusa minofu inayopanda ndege.
Nikamjibu pembeni, kwa wekundu:
*mfano wako unakufa
pale furu anapoota meno ya sangara.*

Ndipo nikaona "dhaifu" imeandikwa "zaifu",
na baada ya kila nuktambili, kistari kidogo kisicho na kazi.
Kistari hicho nilishawahi kukifuta.
Kidato cha Pili B, Igogo, madirisha bila vioo,
daftari la Sudi Masalakulangwa,
aliyeshuka majabali pekupeku kuwahi namba,
akaniuliza siku ile:
Mwalimu, kikombe kimevunjwa, sawa. Na aliyevunja?
Nikamwambia, hiyo ndiyo raha ya kauli hii,
si lazima umtaje.
Darasa likacheka. Yeye akaandika.

Ripoti inatakiwa kabla ya saa kumi na mbili.
Bugando kumeshawashwa taa.
Nimeandika: *Imebainika. Imethibitishwa.
Inapendekezwa mwandishi atafutwe, ahojiwe,*
na mkono ukasita,
maana kaka yake, Ng'wigulu, alichukuliwa
na gari lisilo na namba, mwaka ule wa msako.
Kituo kimoja kikasema alihojiwa.
Kingine kikasema aliachiwa.
Mama yao alizunguka ofisi tatu
akitafuta kiima.

Simtetei.
Mtu akikiamini kijitabu hiki akabeba anachoambiwa abebe,
pale Mwaloni kuna wanawake wanaoanika dagaa
na watoto wamelala migongoni.
Hilo nimeliandika kwanza, kwa herufi kubwa.
Halafu nikafuta "imebainika",
nikaweka sentensi yenye mtu ndani:
*Nilimfundisha mimi.*

Nimekaa nayo nusu saa. Haizai ya pili.

Mlinzi amegonga. Ofisi inafungwa, Madamu.
Inafungwa na nani? nikamuuliza, kwa ukali nisioukusudia.
Akanitazama, akaangalia mkono wake.
Na mimi, akasema.
Mimi ndiye mwenye funguo.