Chafu Kidogo

Luton tulikuwa tukikwangua birika kila Jumapili,
chokaa ikibanduka vipande kama ukoko wa wali.
Huku Greenock birika linang'aa mwaka mzima.
Maji ni laini, mvua ya jana tu,
imeteremka kilimani ikaingia bombani
haijapata wakati wa kuokota kitu.

"Basi usinunue gapi," akasema Bwana Lachlan Petrie,
kiti namba tatu, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
damu yake ikitoka kwa mpira mmoja, ikirudi kwa mwingine.
"Gapi anataka maji magumu. Kwako atanyauka.
Kabla hujapenda rangi ya samaki, liulize bomba lako."

Mimi ni muuguzi wa figo. Namchoma sindano,
naye ananichoma maswali: Lita ngapi? Mchanga gani?
Lita sitini, pembe moja imemeguka.
Kangaga la Java nimelifunga kwa uzi mweusi juu ya gogo.
Na binti yangu Shadya anataka samaki dhahabu watatu.

Akacheka mpaka mashine ikalia.
"Yule ni mbuzi! Atang'oa shamba lote."

Wiki sita tangi likakaa na majani bila samaki.
Wenzake Shadya wakaja kutazama, wakatazama maji.
Nilikuwa nikitupia punje za chakula zioze,
nikiwaandalia vijidudu wasioonekana
wahamie ndani ya sponji, wazaane, wale amonia.
Kila usiku kipimo: kijani. Kijani. Kijani.
Njano ilipotokea nikampigia mke wangu kazini,
"Imekuwa njano!"
Akauliza kama nimeita fundi bomba.

Kichujio nilichonunua kilikuwa na nguvu za kuendesha kinu.
Neoni kumi na wawili wakaogelea
kama watu wa mji huu wakipanda mlima Januari,
vichwa chini, mkia kazini, wako palepale.
"Soksi ndefu ya mkeo," akaagiza Bwana Petrie.
"Kata kipande, ufunge mdomo wa bomba."
Nilikata. Kumbe zilikuwa mpya.
Ndani ya tangi upepo ukatulia. Ndani ya nyumba, baada ya siku mbili.

Chini nikaweka kambale sita wadogo wenye masharubu,
wanapekua mchanga kama waliodondosha pete.
Uduvi wekundu wanane.
Konokono sikumwalika, alipanda jani akaja.

Na hili alilirudia kila juma:
"Sponji usiioshe kwa maji ya bomba. Klorini itaua wafanyakazi wako.
Chota ndoo ya maji ya tangi, kamua humo mara mbili,
uirudishe ikiwa chafu kidogo."

Chafu kidogo! Na mimi kiti hiki
nimekipangusa kwa dawa mara tatu tangu asubuhi.
"Ninyi endeleeni," akasema, akiangalia mpira mwekundu.
"Mimi sijapandwa majani."

Mwezi Machi, usiku wa Jumatano, alipigiwa simu kutoka Glasgow:
figo imepatikana.
Alhamisi kiti namba tatu kilikuwa na mama anayefuma,
asiyependa maneno.
Baadaye ilikuja keki, na kadi ya wauguzi wote.
Tulifurahi, mimi nikala vipande viwili,
nikiwa bado na swali mdomoni:
chini ya majani ya kangaga kuna vidoa vyeusi,
vimejipanga safu mbili. Ni ugonjwa?
Namba yake imo kwenye faili,
na faili si kwa mambo ya kangaga.

Nikaliacha jani.
Kufika Mei kila kidoa kimetoa kangaga dogo,
lina mizizi kama nywele za kichanga, linaning'inia kwa mama yake.

Leo Jumapili. Ndoo iko sakafuni, maji rangi ya chai.
Nakamua mara ya kwanza, ya pili.
Shadya anainama: "Baba, bado chafu."
"Kidogo," nasema,
na naipachika mahali pake.