Maneno Mawili Ubaoni

Grimsby, Jumatano, saa moja jioni.
Juu ya duka la mashine za kufulia
Maureen Tasker anaandika ubaoni
kwa kalamu inayokata roho:
go off.
Maneno mawili mafupi, anasema, hayana makuu.

Saa ya kuamshia, alfajiri: inalia.
Maziwa uliyosahau dirishani: yanachacha.
Taa, kadi ya umeme ikiisha: inazimika.
Nini tena?
Mtu, anasema Dumitru wa kiwanda cha samaki,
mtu anabeba begi, anaondoka.
Vizuri sana. Mtu anaondoka.

Rebwar haandiki. Penseli ameichomeka sikioni
kama fundi aliyeona ukuta umepinda.
Mwalimu, samahani.
Kengele inayoanza na taa inayokoma,
zote zina neno moja?
Sasa nikilisikia nitajuaje
kama nikimbie au nilale?

Darasa linacheka. Maureen naye anacheka,
anapekua kitabu kutafuta kanuni.
Kanuni haipo.

Ndipo Zoryana, ambaye tangu Septemba
hajavuka ndiyo na asante,
akasema, macho yake kwenye glavu zake:
Kwetu Kharkiv hayakuwa mbalimbali hayo.
King'ora kilianza, taa zikakoma.
Dakika moja. Mama alikuwa anamenya viazi.
Akaendelea kumenya gizani,
kwa kupapasa.

Chini, mashine moja ilikuwa inakamua nguo,
sakafu ikitetemeka kidogo.
Hakuna aliyetaja kile kinacholipuka.
Rebwar alikuwa nacho mdomoni, akakimeza.
Maureen hakukiandika.

Wala hakuandika kile cha ukurasa wa sitini na moja:
mtu kumchoka mtu, bila ugomvi,
hamu ikapoa kama chai
uliyojitengenezea mwenyewe ukaiacha.
Keith alilitumia hilo, siku ile, jikoni,
kwa upole, kama anayesoma bei.
Aliweka kidole juu ya mstari,
akasema muda umekwisha, ingawa haukuwa umekwisha.

Nyumbani alifungua friji, akanusa chupa.
Ahaa.
Aliyamwaga kwenye sinki, meupe, mazito,
akayatamka yale maneno mawili kwa sauti
mara tatu nne, mpaka yakawa kelele tu,
mpaka paka akatoka.

Akatega saa ilie saa kumi na mbili na robo.
Akazima taa.
Akabaki macho, akisikiliza.