Miraba Themanini

Łódź, kiwanda cha pamba, majira ya baridi

Macho yako, Walenty, yalikwisha kuingia ukungu,
nawe ukaficha, ukidhani hakuna ajuaye.
Nilikuona ukiishika kadi karibu na pua
kama mtu anayenusa barua.
"Bronka, wewe mtu wa nyuzi. Nihesabie hii."

Mimi mfumaji wa ghorofa ya tatu,
vidole bado vina wanga,
nikaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa
katika chumba cha injini, penye joto kuliko mtaa mzima.

Ulikuwa umefunga kalamu ya risasi ubavuni mwa silinda:
mvuke ukikaza, kalamu hupanda,
pistoni ikienda, karatasi huenda nayo,
hata ukabaki mchoro kama kiatu cha mtoto,
kisigino juu, ncha imelala.
"Hiyo ndiyo nguvu," ukasema. "Haikai mahali pamoja."

Sikushangaa. Nimechora maua ya vitambaa vya meza
kwenye karatasi ya miraba kama hii
tangu miaka kumi na mmoja.

Miraba mizima, sitini na mmoja.
Vipande nikavioanisha, kikubwa kwa kidogo,
kama wajane na wagane wanaooana kwa haraka:
kumi na tisa.
Themanini.
Urefu wa mwendo, miraba ishirini.
Themanini kwa ishirini, nne.
Kila mraba wa kimo ni kilo moja
juu ya kila sentimita ya mraba.
Na uso wa pistoni uliuandika ukutani kwa chaki,
juu ya birika la chai:
elfu moja mia mbili hamsini na sita.
Mara nne.

Kilo elfu tano na ishirini na nne.

Ukaandika kitabuni, ukapuliza wino.
"Meneja anataka hii tu. Wastani."

Na kule kisiginoni, penye miraba saba?
Ukahesabu kwa midomo.
Elfu nane mia saba tisini na mbili.
Na nchani? Elfu moja na ushei, pumzi za mzee.
Na hiyo elfu tano yetu, pistoni huikuta wapi?
Ukacheka, ukakohoa, ukagusa mteremko:
"Hapa. Mara moja. Huipita bila hata salamu."

Ijumaa karani akabandika tangazo mlangoni:
wastani wa ujira, rubli sita kwa juma.
Tukasoma, tukatazamana.
Mimi tatu na nusu.
Zofka wa kidole kilichokatika, tatu.
Nikakitafuta kisigino cha mchoro ule
nikakiona kinashuka garini, kimevaa manyoya.

Bolti ya mwezi wa pili haikukatwa na wastani.
Ilikatika kwenye saba, asubuhi,
mitambo yote ikanyamaza juu ya vichwa vyetu,
uzi wangu ukiwa katikati ya mtande,
na sote tukajua jina la kwanza kuulizwa litakuwa lako.

Kadi ninayo. Nikihesabu tena napata themanini.
Nikikijumlisha kile kipande chenye doa la mafuta,
themanini na nusu.
Sikukuambia.
Wala wewe, nadhani, hukukiona.